RV kambini Marekani: soketi ya ampea 30 au 50, na kinga ipi ya umeme uibebe?

Mara yetu ya kwanza kukodi RV, hizi nyumba za magurudumu, tulitoka Dallas kuelekea kusini mwa Texas, mwezi wa Julai. Siku ya pili, saa tisa alasiri, gari likiwa limechomekwa kwenye umeme wa kiwanja chetu kambini, AC ya juu ya paa ilianza kunguruma bila kupoza. Taa zikafifia. Nikaamini tumekodishwa gari bovu. Mzee mmoja wa kiwanja cha jirani akaja na mita ndogo, akaichomeka kwenye soketi ya jikoni kwetu, akanionyesha: volti 101. Gari halina neno, akasema, umeme wa hapa ndio mdogo. Tulizima AC tukahamia chini ya mti mpaka jua lilipopoa. AC yenyewe haikupona, na pesa ya dhamana tuliyoweka ikaenda nayo.

Tangu hapo, ndugu na marafiki wanaopanga safari ya kiangazi huniuliza maswali mawili wakidhani ni moja: nilipie kiwanja cha ampea ngapi, na ninunue kinga gani? Ni maswali tofauti. La kwanza linahusu wingi wa umeme unaoweza kuuvuta. La pili linahusu ubora wa huo umeme. Unaweza kulipia soketi kubwa kuliko zote kambini na bado ukaunguza friji.

Vipimo vya kuchagulia

Kabla ya kutazama bei, jijibu haya. Ni vitu gani utawasha kwa wakati mmoja, hasa AC, hita ya maji na maikrowevu? Unakaa usiku mmoja au miezi mitatu, na ni Aprili au Agosti? Gari ni lako au la kukodi? Kambi ni mpya au ni ile ya miaka mingi ambayo nyaya zake zilitandikwa wakati RV nyingi hazina AC mbili? Na mwisho, uko tayari kubeba kilo ngapi na kutoa dola ngapi? Hivi ndivyo nitakavyovipima vyote hapa chini: kinakupa nini, kinakwama wapi, kinamfaa nani.

Jambo moja kwa sisi tuliokulia kwenye volti 230 au 240 za Tanzania na Kenya. Marekani soketi ya kawaida ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Volti ikiwa nusu, ampea lazima ziongezeke maradufu ili kupata nguvu ileile. Ndiyo maana huku watu wanazungumzia ampea mchana kutwa. Hesabu ni kuzidisha tu: volti mara ampea ni wati.

Kisanduku cha kiwanjani: 20, 30 na 50

Kila kiwanja chenye umeme kina kinguzo kifupi chenye kisanduku. Ukikifungua utakuta soketi moja, mbili au tatu, kila moja na breka yake, yaani swichi inayokata umeme ampea zikizidi.

*Ampea 20.* Inafanana na soketi ya nyumbani. Inatoa wati 2,400. Hizo zinatosha friji, taa, chaja ya betri, TV na feni. AC moja huenda ikawaka ukizima karibu kila kitu kingine, lakini usiipangie safari. Inakwama pia kwa sababu soketi hizi huwa na kifaa kinachokata mara kinapohisi umeme unavuja kwenda ardhini, na RV nzima ikichomekwa hapo mara nyingi kifaa hukata bila kasoro yoyote ya maana. Inamfaa mwenye trela dogo majira ya baridi kidogo, au anayepooza friji ya gari nyumbani siku moja kabla ya safari.

*Ampea 30.* Plagi yake ina miguu mitatu: miwili ya bapa iliyoinama, na mmoja wa mviringo. Ni volti 120, kwa hiyo wati 3,600. Trela nyingi ndogo na za kati, na magari mengi ya kukodi, yamefungwa plagi hii. Inabeba AC moja kwa raha. Tatizo linaanza mama akiwasha maikrowevu. AC ikishazunguka hula kama ampea 13, na zaidi inapoanza. Hita ya maji ya umeme ampea 12. Maikrowevu nyingine 12 hivi. Jumla 37, na breka inaanguka chai ikiwa nusu. Hata ampea 28 zikivutwa mfululizo mchana wa jua kali, breka iliyochoka inaweza kukata, ndiyo sababu kwa matumizi ya saa nyingi hesabu 24 badala ya 30. Wenyeji wa maisha haya wamezoea: hita ya maji inaendeshwa kwa gesi, na AC inazimwa dakika tano chakula kipashwe.

Soketi hii ina hatari moja ambayo haiko kambini bali nyumbani. Ukimwita fundi akufungie soketi ya RV uani, akasikia "ampea 30", anaweza kukimbilia kufunga volti 240 kama za mashine ya kukaushia nguo. Kwetu 240 ni umeme wa kila siku. Kwenye RV ya ampea 30 ni kuchoma kila kilichowashwa ndani ya sekunde chache. Mwambie waziwazi: volti 120, laivu moja (waya unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha), ethi (wa usalama, uendao ardhini). Na upime mwenyewe kabla ya kuchomeka.

*Ampea 50.* Hapa wengi hukosea hesabu, wakidhani imezidi ya 30 kwa ampea 20 tu. Plagi ina miguu minne. Laivu ni mbili, kila moja inatoa ampea 50 kwa volti 120, jumla wati 12,000. Ni zaidi ya mara tatu ya ile ya 30. AC mbili, mashine ya kufulia, jiko la umeme, vyote vinaishi pamoja. Inakwama wapi? Kiwanja huwa ghali zaidi, waya wake ni mnene kama mkono wa mtoto na mzito kuukunja asubuhi ya baridi, na ina ugonjwa mmoja mbaya ambao soketi ya 30 haina.

Ugonjwa huo ni nyutro kukatika. Aliyewahi kukaa mtaa ambao nyutro ya TANESCO au ya Kenya Power ilikatika kwenye nguzo anaujua: nyumba moja taa zinafifia, jirani TV na redio zinaungua. Kwenye RV ya ampea 50 mambo ni yaleyale kwa kipimo kidogo. Kati ya laivu moja na nyingine kuna volti 240. Nyutro ndiyo inayozigawa 120 kwa 120. Ikilegea au kuungua ndani ya soketi, vyombo vya laivu hizi mbili vinajikuta vimefungwa kwa mfuatano, na volti zinagawanyika kufuatana na mzigo. Upande wenye AC unapata kidogo, upande wenye TV na chaja ya simu unaweza kupata 180 au 200. Breka haishtuki, kwa sababu ampea hazijazidi. Kwenye soketi ya 30 nyutro ikikatika umeme unazimika tu, basi.

Kwa hiyo 50 inamfaa mwenye gari kubwa la AC mbili, au familia itakayokaa wiki kadhaa Arizona au Florida wakati wa joto. Kama gari lako ni la 30, kulipia kiwanja cha 50 hakukuongezei nguvu. Adapta itakupa laivu moja tu, na breka kuu ya gari itakata kwenye 30 kama kawaida. Nimewahi kufanya hivyo kwa sababu nyingine: soketi ya 30 ya kiwanja kile ilikuwa imeungua nyeusi, ya 50 ilikuwa safi. Kumbuka tu kwamba hapo waya wako wa 30 unalindwa kule kisandukuni na breka ya 50. Kinyume chake, gari la 50 kwenye kiwanja cha 30 linakubali kwa adapta, ila pande zote mbili zinagawana wati 3,600 zilezile. AC ya pili isahau.

Na kuna viwanja visivyo na umeme kabisa. Yellowstone ina kambi nyingi, lakini yenye umeme wa kuchomeka ni Fishing Bridge peke yake. Yosemite haina hata moja. Grand Canyon upande wa kusini, Trailer Village inao, Mather haina. Huko ni betri, sola na jenereta kwa saa zilizoruhusiwa, na hiyo ni mada nyingine.

Umeme unaharibu vipi?

Watu hununua kinga wakiogopa radi. Radi ipo, lakini anayeua AC kimyakimya ni umeme mdogo. Kambi nyingi zina nyaya ndefu. Saa tisa alasiri kila mtu amewasha AC. Volti zinaporomoka kiwanja baada ya kiwanja, na wa mwisho kwenye laini ndiye anayepata makombo. Mota ya AC haijui kupunguza kazi. Volti zikishuka, inavuta ampea zaidi, inapata joto, na siku moja haiamki. Umeme wa kawaida huku unatakiwa uwe kati ya 114 na 126. Ukiona 108 anza kuzima vitu. Ukiona 104 zima AC.

Adui wa pili ni ufundi mbovu: laivu na nyutro zimebadilishana nafasi, au ethi haipo. Ethi ikikosekana na chombo kimoja ndani kikavujisha, bodi zima la gari linapata umeme. Mtoto anashuka peku kwenye majani yenye umande, anashika mlango, anapigwa. Kikalamu cha kupimia umeme bila kugusa waya, cha dola chache, kikilia karibu na bodi la gari, usiruhusu mtu ashuke wala apande mpaka umekata breka.

Kinga nne, kwa vipimo vilevile

*Mita tu, bila kinga.* Inakupa ukweli wa dakika ile unapochomeka. Bei ni ndogo, haina uzito. Vipo pia vichomeko vidogo vya taa tatu vinavyoonyesha kama ethi na laivu ziko mahali pake. Inakwama kwa kuwa mita haina mikono: umefika saa mbili usiku ukasoma 121, kesho alasiri ziko 102 nawe uko kwenye bwawa la kuogelea. Inamfaa aliyekodi gari kwa usiku mmoja au miwili, msimu usio wa joto. Anayekodi aulize kwanza, kwa sababu baadhi ya magari tayari yamefungiwa kinga ndani na mwenye gari hajui kuisema.

*Kinga ndogo, ile iitwayo saji protekta.* Unaichomeka kisandukuni, kisha waya wa gari unachomekwa kwake. Ndani ina vipande vinavyomeza umeme unaopanda ghafla, na uwezo wake huandikwa kwa jouli. Nyingi zina taa za kuonyesha kasoro za waya. Ya ampea 30 hupatikana kwa dola mia moja hivi. Sasa inapokwama: umeme ukiwa mdogo haifanyi kitu. Ethi ikikosekana, nyingi zinawasha taa na kuendelea kupitisha. Vipande vyake pia vinachakaa kila vinapomeza mpando, kwa hiyo kinga ya miaka saba inaweza kuwa imebaki sura. Mara nyingi mtu anaipenda kwa sababu ya neno "protekta" kwenye boksi, akadhani amenunua frijigadi. Hajanunua. Frijigadi ya kule nyumbani, kwa bei yake ndogo, angalau inakata umeme ukishuka. Inamfaa mwenye trela lisilo na AC, au anayepita maeneo ya radi nyingi kwa muda mfupi na bajeti haimruhusu zaidi.

*Kinga kamili, inayouzwa kwa jina la EMS.* Hii ndiyo binamu wa frijigadi, ila imesoma zaidi. Kabla ya kupitisha umeme inapima waya wote: ethi ipo, laivu na nyutro hazijabadilishana, soketi ya 30 haijapewa 240. Ikiridhika inasubiri kidogo, kisha inafungua. Baada ya hapo haiachi kutazama. Za Progressive Industries hukata volti zikishuka chini ya 104 au kupanda juu ya 132. Surge Guard ya Southwire huvumilia hadi 102. Zikikata, zinangoja dakika mbili na ushei kabla ya kurudisha, ili msukumo wa gesi ndani ya kompresa ya AC utulie kwanza. Nyutro ikikatika kwenye soketi ya 50, hii ndiyo inayoona volti zimepanda upande mmoja ikazima kabla TV haijaaga.

Inakwama wapi? Bei: za 30 huanzia dola mia mbili na kitu, za 50 hupita mia tatu. Pili, dawa yake ni moja tu, kuzima. Alasiri ile ya volti 101 ingeiokoa AC yetu, lakini sisi tungekaa chini ya mti vilevile. Tatu, inagombana na jenereta ndogo za mkononi: nyingi nyutro yake haijaunganishwa na ethi, EMS inasoma kwamba ethi haipo na inakataa katakata, hata kama jenereta ni nzima. Kuna kiplagi maalumu cha kuunganisha hizo mbili. Mmiliki mpya asiyejua hili hupoteza nusu siku.

EMS ziko za aina mbili, na uchaguzi hapa unategemea umiliki. Ya kuchomeka nje unahama nayo, inalinda na waya wako, lakini inanyeshewa na inaweza kuibwa. Watu huifunga kwa mnyororo. Ya kufungwa ndani ya gari haiibiwi wala hailoi, ila inahitaji fundi, na ukiuza gari imeondoka. Kwa wanaokodi ni ya nje, hakuna mjadala.

*Kipandisha volti.* Kinachojulikana zaidi ni kile cha Hughes, Autoformer. Kwa waliokua na stabilaiza kando ya friji, ni ndugu yake mkubwa. Volti zikishuka, chenyewe kinaziongeza kama asilimia 10: 103 zinaingia, 113 zinatoka, na AC inaendelea kupoza. Hiki ndicho pekee kati ya vyote vinne kinachokuwezesha kuendelea kuishi kwenye umeme mdogo badala ya kuukimbia.

Lakini hakitengenezi umeme. Ukitaka ampea 30 za volti 110 ndani ya gari, kisandukuni lazima zitoke ampea 33 za volti 100, na breka ya 30 haitakuelewa. Ampea hizo za ziada zinapita kwenye laini ileile ya jirani wa mwisho, volti zake zikazidi kushuka. Jirani huyo ana haki ya kununa. Ni kizito, ni kikubwa, na bei inapita dola mia tano kwa urahisi. Kupandisha volti pia hakumaanishi kupima waya: kabla ya kulipa soma kama toleo hilo linakagua ethi na nyutro au linapandisha tu. Inamfaa anayeishi ndani ya RV mwaka mzima kwenye kambi za zamani za kusini, mwenye AC mbili na nafasi ya kukibeba.

Kwa hali yako

Umekodi kwa wikiendi mwezi wa Oktoba: chukua kiwanja kinacholingana na plagi ya gari, nunua mita, pima ukifika na upime tena mchana. Kutumia dola mia tatu kulinda gari la mtu mwingine kwa siku mbili ni hiari yako. Julai nitakwambia vingine, nami nilikwisha lipa ada ya somo hilo.

Umenunua trela la ampea 30 la familia, mnatoka mara nne tano kwa mwaka: pesa yako ya kwanza iende kwenye EMS ya 30 ya kuchomeka, ikifuatiwa na waya mzuri mnene. Usilipie kiwanja cha 50 isipokuwa soketi ya 30 haifai.

Una gari kubwa la 50: kwako nyutro ndiyo inayonitia hofu kuliko radi, kwa hiyo kinga ndogo isiyokata sioni inakusaidia nini. Nunua EMS ya 50 hata kama nusu ya viwanja utakavyolala ni vya 30, na adapta iwekwe kati ya kisanduku na EMS.

Unahama na kazi, dereva wa lori aliyeacha lori akachukua RV, au muuguzi wa mikataba ya miezi mitatu mitatu: unakaa sana sehemu moja, na huchagui kambi. EMS ya ndani kwanza. Kipandisha volti baadaye, ukishaona kwa mita yako mwenyewe kwamba kambi unazopata zinashuka chini ya 108 mara kwa mara. Wengine huishi miaka bila kukihitaji.

Mpenzi wa hifadhi za taifa, asiye na AC: ampea 20 zikipatikana zinakutosha. Pesa iende kwenye betri.

Na kama umefika usiku, huna kinga yoyote, na kisanduku kinakutia shaka: zima breka kabla ya kuchomeka chochote, mulika soketi kwa tochi. Plastiki iliyoyeyuka, weusi, au plagi inayocheza ndani yake, funga kifuniko urudi ofisini kuomba kiwanja kingine. Nenda kabla hujashusha miguu ya gari na kutandika mazulia. Ukishatandika, wewe mwenyewe ndiye utakayejishawishi kwamba pale panafaa.